Ua la mama mkwe linalegea kila mchana

SWALI

Shikamoo Mama Bustani,

Mimi ni mama wa mapacha, naishi Isamilo hapa Mwanza. Nyumba yetu iko mlimani, katikati ya mawe. Mwezi wa tano mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Marangu, akaniletea miche miwili ya haidrenjia aliyoichimba mwenyewe uwanjani kwake, kaifunga kwenye kiroba pamoja na udongo wake. Kwake yamejaa kando ya ukuta, mashada ya buluu yanayojaza mikono miwili. Aliniambia shina la kwanza alipewa na mama yake, akanikabidhi.

Mche mmoja nimeupanda ardhini mbele ya nyumba, chini ya jiwe kubwa linalotazama machweo, ili wageni wauone. Wa pili uko barazani kwenye ndoo nyeusi ya plastiki.

Mvua zilipokuwepo yote miwili ilikaa vizuri. Tangu kiangazi kikolee, ikifika saa sita mchana majani yanalegea yote, yananing'inia kama yamekufa. Nakimbilia maji. Jioni yanasimama, kesho yake hivyo hivyo. Sasa namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Maji kwetu ni ya mgao, na baba watoto ameanza kulalamika kwamba simtanki linaisha kwa ajili ya maua.

Ule wa ardhini majani yake yamekauka pembezoni, yamekuwa ya kahawia. Wa kwenye ndoo majani yamegeuka njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, na wiki hii naukuta umelegea hata alfajiri. Jirani kanishauri niweke mbolea ya kuku na urea. Ya kuku nimeweka kidogo, urea bado. Mwingine anasema nifukie misumari yenye kutu, kwa sababu shada moja lililotoka lilikuwa la waridi badala ya buluu. Baba watoto anasema niikate yote hadi chini ichipue upya.

Mama mkwe anakuja tena Krismasi. Sijui nitamwonyesha nini. Je, maua haya hayawezi kuishi Mwanza?

Mama wa mapacha, Isamilo


JIBU

Marahaba mwanangu.

Maua haya yanaweza kuishi Mwanza, ila yako mawili yanaumwa magonjwa tofauti na umekuwa ukiyapa dawa moja. La ardhini linaunguzwa na mahali lilipopandwa. La kwenye ndoo linazama. Tuanze na la ndoo, maana hilo haliwezi kusubiri hadi wiki ijayo.

Haidrenjia ikilegea mchana na ikasimama jioni, haina neno kubwa. Ikiwa bado imelegea saa kumi na mbili asubuhi, baada ya usiku mzima wa kupumzika, kuna jambo kwenye mizizi: ama imekauka kabisa, ama imeoza. Wewe unamwagilia mara tatu kwa siku, kwa hiyo sidhani kama ni ukavu. Hukusema kama ndoo ina matundu chini. Ikiwa haina, maji yote uliyoyamwaga bado yamo humo, na mizizi iliyofunikwa na maji hukosa hewa, ikaoza. Ikishaoza, mmea unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji, na kila kopo unaloongeza linazidisha madhara.

Leo jioni, jua likishapungua, utoe taratibu pamoja na udongo wake. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiubana ni mgumu. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, unatoa harufu ya dimbwi. Kata iliyooza yote kwa kisu safi. Panda upya kwenye chombo chenye matundu, ukubwa wake uzidi mizizi iliyobaki kidogo tu, ukichanganya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga mnene, ule uliojaa kati ya mawe ya huko kwenu. Mwagilia mara moja, uweke kivulini kabisa, na usiuguse tena kwa maji mpaka utumbukize kidole hadi pingili ya pili na kukuta pakavu. Mbolea yoyote isiukaribie. Ile ya kuku uliyoweka, ikwangue juu uitoe.

Wakati huohuo, kabla hata hujajua kama mche utapona, jiwekee akiba. Chukua vipandikizi kutoka mimea yote miwili, asubuhi na mapema, kwenye matawi yasiyo na ua na ambayo bado ni mazima. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye pingili mbili au tatu, chini kidogo ya pingili. Ondoa majani ya chini, ya juu yapunguze nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji mengi. Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa kitako, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne ukivuta kidogo ukahisi kinashika, kimetoa mizizi. Chomeka vingi, maana vyote havitashika. Shina lililotoka kwa mama wa mama mkwe wako halipaswi kutegemea ndoo moja.

Sasa tuzungumzie huku kulegea kwa mchana, maana ndiko kulikokutia hofu na kuyamaliza maji ya simtanki. Majani ya haidrenjia ni mapana na laini, na upande wa chini yana matundu madogo mno yanayotoa mvuke. Jua likiwaka na upepo mkavu ukipita, maji yanatoka kwenye majani upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata udongo ukiwa umelowa chepechepe. Mmea unashusha majani ili yasipigwe na jua uso kwa uso. Ni kama mtu anayepanda mlima wa Bugando saa saba mchana na gunia la mchele begani: ukimnywesha lita tano hatapanda upesi zaidi, mtue mzigo kwanza, umweke kivulini. Kwa hiyo ukiona yamelegea mchana, peleka kidole kwenye udongo kabla ya kupeleka maji. Kidole kikitoka na unyevu, ondoka, kapike.

Jiwe ndilo linalonisumbua zaidi. Mawe yetu ya Mwanza ni itale. Yanameza joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na kila aliyelala kwenye nyumba iliyojibana kwenye mwamba analijua hilo. Wewe umepanda ua chini ya jiwe linalotazama machweo, yaani linalopigwa na jua kali la kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Ua linapigwa na jua moja kwa moja, linapigwa na joto la jiwe, na usiku, wakati lingepumua, bado liko mbele ya jiko. Hiyo kahawia ya pembezoni ndiyo alama yake. Fikiria lilikotoka. Kule Marangu ni juu mlimani, usiku una baridi, na mara nyingi maua hukaa kwenye kivuli cha migomba ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Na asili ya aina hii, yenye mashada ya duara, ni Japani, ambako huchanua mwezi wa Juni katika msimu wao wa mvua. Ni mmea wa unyevu na hewa ya ubaridi. Mwanza tunaweza kuupa sehemu ya hayo, ila lazima tuchague pembe ya uwanja kwa makini.

Pembe hiyo ni upande wa mashariki wa nyumba. Hapo ua linapata jua la asubuhi, ambalo halina ukali, na jua likishapita utosini, kuanzia saa saba mchana hivi, nyumba yenyewe inaanza kulikinga. Watu wengi wanachagua kivuli cha ukuta wa kusini kwa sababu Juni na Julai wanauona una ubaridi. Angalia vizuri: sisi tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la saa sita linakaa upande wa kaskazini, halafu linahamia kusini mpaka Machi. Kivuli ulichokipenda Juni hutakikuta Desemba. Mashariki hakudanganyi mwaka mzima. Epuka pia kusogelea uzio wa mabati na sakafu ya saruji, vyote vinarudisha joto, na kama upepo mkavu wa kiangazi unavuma moja kwa moja hapo, tafuta kitu cha kuukata, hata mgomba mmoja. Mgomba nao unywe pembeni, usipandwe shina kwa shina, maana una kiu na utaupora mche wako.

Lakini usilihamishe la ardhini sasa hivi. Kung'oa mizizi katikati ya joto hili ni kuliongezea jeraha. Subiri vuli ianze kweli, mvua zikishalowesha ardhi mara kadhaa, uchague siku ya mawingu. Kwa wiki hizi zilizobaki litengenezee kivuli: chomeka miti miwili au mitatu upande wa machweo, tundika jamvi kuukuu au neti ya kivuli ya maduka ya pembejeo, ikinge kuanzia saa sita. Acha nafasi hewa ipite. Majani yaliyoungua usiyachume yote, maana hata yakiwa mabaya yanawafunika wenzao wa chini.

Kuhusu maji, baba watoto ana haki ya kulalamika, na habari njema ni kwamba ua litafurahi ukipunguza. Mizizi ya haidrenjia haiendi chini sana. Ukiinyunyizia kidogo kidogo mara tatu kwa siku inazidi kupanda juu, kwenye udongo unaochemka. La ardhini lipe ndoo ya lita 10 asubuhi, polepole, maji yazame, mara mbili au tatu kwa wiki, na kidole ndicho kiamue lini. Udongo wa vilimani kwetu, ule Wasukuma wanaouita luseni, ni mchanga mtupu, maji yanapita bila kukaa. Unahitaji mboji na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ichanganywe kwenye shimo utakalolihamishia: shimo pana, kina cha wastani. Siku za mgao mkali, tumia maji ya kuoshea mchele na mboga. Maji ya sabuni, ya jiki au ya chumvi hapana.

Kisha tandaza. Hili likifanyika vizuri utashangaa maji yanavyodumu. Weka matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka mche, ukiacha upana wa kiganja kati yake na shina ili lisioze na mchwa wasipate daraja. Pumba za mpunga zinafaa, na Mwanza hazikosekani kwenye mashine za kukoboa. Nyasi kavu zinafaa. Magugu maji pia yanafaa kwa maua, yakishaanikwa yakakauka kabisa mbali na maji, ila usiingie ziwani kuyavuta mwenyewe, kichocho kipo. Chukua yale yaliyokwisha kutolewa nchi kavu.

Mbolea ya kuku na urea, achana nazo. Mmea unaoteswa na joto hauwezi kutumia mbolea, chumvi zake zinaunguza mizizi. Hata ukishapona, urea itakupa majani mengi na maua machache. Ngoja mvua, mche ukitoa chipukizi mpya ndipo uweke viganja viwili vya samadi iliyoiva, basi.

Njano yenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa chuma. Kwenye ndoo chuma huenda kimo, lakini mizizi iliyozama haiwezi kukichukua, na vilevile maji yetu ya ziwa yanaelekea kwenye ubesi, yaani kinyume cha asidi, jambo linalozidi kukifungia chuma udongoni. Maji ya mvua ni bora mno kwa ua hili. Vuli ikianza, kinga kwenye ndoo uyaweke kwa ajili yake.

Ubesi huohuo ndio uliogeuza rangi. Shada la waridi halina ugonjwa. Udongo wenye asidi, wa pH (kipimo cha asidi) 5.5 kushuka chini, unaachilia alumini, mmea ukiinyonya maua yanakuwa ya buluu. Ukifika 6.5 kwenda juu alumini inafungwa, yanatoka ya waridi. Misumari ya kutu inatoa chuma, wala buluu haitoki kwenye chuma, kwa hiyo usifukie kitu kitakachomchoma mmoja wa mapacha mguu. Ukitaka buluu ya Marangu, mmea ukishapata nguvu kabisa, yeyusha kijiko cha chai cha shabu, ile ya kutulizia maji ya tope, ndani ya lita 5 za maji, umwagilie udongo uliokwisha kulowa, mara moja kwa mwezi tangu matumba yakiwa bado madogo. Usizidishe, shabu nyingi huunguza mizizi. Mimi binafsi ningeyaacha ya waridi.

Sasa mkasi. Mwambie baba watoto, kwa upole, auweke mbali. Aina hii hutengeneza matumba ya maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na huyatengeneza baada ya kupata wiki kama sita za usiku wenye ubaridi, chini ya nyuzijoto 18 hivi. Kwetu usiku wa namna hiyo unapatikana Juni na Julai, si kila mahali na si kila mwaka. Ukikata hadi chini sasa, kama kuna tumba lolote lililobahatika kujifunga, umelitupa jalalani. Kata matawi yaliyokufa tu, yale ambayo ukikwangua gome hukuti kijani. Kupogoa kwenyewe kunafanywa mara tu shada linapofifia, juu ya jozi ya majani yenye afya.

Hapo ndipo ninapotakiwa kukwambia kweli kuhusu Krismasi. Usitegemee ukuta wa buluu. Hata ukifuata yote niliyosema, haidrenjia ya Mwanza itachanua kidogo kuliko ya Marangu, kwa sababu hatuna ule ubaridi wa usiku, na maji hayawezi kuuleta. Lakini majani mapana ya kijani kizito, chipukizi mpya, na vikopo vitano sita vya vipandikizi vilivyoshika, hivyo unaweza kuwa navyo Desemba, na mama anayependa maua atavielewa kuliko shada moja.

Usimfiche. Mpigie simu wiki hii umweleze ilivyo. Mwulize yake yanakaa upande gani wa nyumba, anayapogoa mwezi gani, anatandaza nini. Mkwe anayeulizwa habari za bustani yake hajisikii amedharauliwa, na huenda akaja na mche mwingine uliokulia kwenye kopo, ambao hautaumia safarini kama ule uliochimbwa.

Kabla sijasahau, geuza majani uangalie chini. Kiangazi ndio msimu wa utitiri mwekundu: vidoa vidogo vya njano juu ya jani, na utando mwembamba chini yake. Ukiuona, osha upande wa chini kwa maji matupu asubuhi, siku kadhaa mfululizo, hutahitaji dawa. Na wakanye mapacha wasitafune majani wala maua, pia mbuzi wa jirani wasiachwe wakaribie, kwa sababu mmea huu wote una sumu ukiliwa.